Border Collie anachunga watoto wangu uani, nimfanyeje? Tuko Tabora

MamaJojo_Ipuli

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wanaojua mbwa vizuri maana hapa nyumbani tumegawanyika pande tatu. Tuna mbwa dume anaitwa Tomi, Border Collie, mweusi mwenye shingo nyeupe, ana kama mwaka na nusu hivi. Shemeji yangu alikuwa anafanya kazi shamba moja huko Arusha, wenye shamba wakarudi kwao wakagawa mbwa, yeye akambeba huyu mpaka Tabora akatuambia nawaletea mbwa mwenye akili kuliko mbwa wote mtaani kwenu. Akili anayo siwezi kukataa, komeo la geti dogo analisukuma kwa pua linafunguka, nikichukua kapu anajua naenda sokoni ananisindikiza mpaka mlangoni, nikichukua Biblia anajua leo hakuna mtu wa kucheza naye anaenda zake kulala chini ya mwembe. Ila hatulii jamani. HATULII.

Watoto wakianza kukimbia uani anainama mpaka tumbo linakaribia kugusa mchanga, anawakodolea macho hapepesi, alafu anazunguka kwa nyuma anawasogeza taratibu mpaka wote wanaishia kwenye kona ya simtanki, akitoroka mmoja anamfuata anampiga jino la kisigino. Haumizi sana lakini mwanangu wa mwisho ana miaka minne analia kila siku, na juzi alimchubua mtoto wa jirani mguuni, na yule jirani ni mtu wa swala tano, hakugomba ila uso wake niliuona. Kuku nao anawakusanya chini ya mwembe anawalinda hapohapo, hawali, ila naona hata kutaga wameacha. Bodaboda ikipita anaikata mbele. Mama mkwe ndo hataki kumsikia kabisa, anasema mbwa gani anamtazama mtu usoni vile bila kubweka, huyo ametumwa.

Mume wangu anataka tumfunge mnyororo mchana kutwa tumfungulie usiku kama wanavyofanya majirani wote. Mama mkwe anataka apelekwe kijijini Sikonge akachunge. Mwingine kaniambia nimpunguzie ugali atapungua nguvu. Mimi na watoto tunampenda. Hii tabia inaisha akikua au ndo alivyo? Chakula chake ni dona na dagaa, nyama ikipatikana anapata.

Mtoto_wa_Kanyenye

Dah watu wanatafuta mbwa wa kulinda watoto hawapati, wewe umeletewa yaya wa bure mpaka nyumbani unalalamika 😂😂

MzeeWaIgombe

Mama Jojo pole. Mfikishie mama mkwe shikamoo yangu na umwambie hajatumwa na mtu, ndivyo walivyo hao. Mimi miaka ya nyuma nilifanya kazi kwenye kondoo huko nyanda za juu kusini na tulikuwa nao, kwahiyo naongea kitu nilichokiona kwa macho.

Asili yao ni mpakani mwa Uingereza na Uskoti, milimani huko kwenye kondoo. Kuna dume mmoja anaitwa Old Hemp alizaliwa 1893 Northumberland, Border Collie karibu wote unaowaona leo ukifuatilia ukoo unarudi kwake, na sifa yake kubwa ilikuwa hiyohiyo inayomtisha bibi, kuchunga kimya kwa macho, bila makelele. Kondoo akitazamwa vile anajisogeza mwenyewe. Sasa ukiangalia vizuri ile kuinama na kukodoa na kuzunguka ni uwindaji, mbwa mwitu hufanya hivyohivyo, tofauti ni kwamba watu wamekuwa wakichagua kuzalisha wale wanaotazama, wanaonyemelea, wanaofukuza, lakini hawafiki kuua. Ndo maana kuku wako wazima mpaka leo. Hana hasira na watoto, anaona vitu vinatawanyika na yeye damu yake inamwambia vikusanywe.

Swali lako kama inaisha: haiishi. Inapungua kidogo akikomaa, akifika miaka mitatu hivi anakuwa mtu mzima kidogo, lakini kama umekaa unasubiri iishe yenyewe utasubiri sana. Cha kufanya ni kumpa kazi nyingine badala ya hiyo aliyojiajiri mwenyewe.

Kumpunguzia ugali usithubutu. Mbwa mwenye njaa hatulii, anatafuta, na atakachokitafuta ni kuku.

Na mnyororo mchana kutwa kwa mbwa wa aina hii ndo unamharibu kabisa. Mbwa koko wetu ukimfunga analala, huyu hawezi, ataanza kuzunguka mti mduara uleule mpaka nyasi ziishe, atafukuza kivuli, atajilamba mguu mpaka uwe kidonda, akifunguliwa usiku anatoka kichwa kimevurugika na ndo hapo sasa kung'ata kwa kweli kunakuja.

Kiloleni_Yetu

Mzee heshima yako ila hapo kwenye mnyororo mnawatisha watu tu. Mimi nina Jamani Shepadi hapa Kiloleni, nae ni mbwa wa kuchunga huyo kwa asili, nimemfunga tangu mdogo na katulia tuli, wageni wanaingia hata kichwa hainui mpaka usiku. Mbwa ni mbwa, mkianza kumlea kama mtoto ndo anawapanda kichwani.

MzeeWaIgombe

@Kiloleni_Yetu asiyeinua kichwa mgeni akiingia sijui kama huyo katulia au kakata tamaa, wewe ndo unamwona. Mfungue wiki moja jioni umtembeze kwa kamba mpaka barabarani alafu uje utuambie ni mbwa yuleyule. Sikulaumu, wengi tunafuga hivyo, lakini dada hapa hana shida ya ulinzi, ana shida ya mbwa mwenye akili aliyekosa kazi.

Mifugo_Nzega

Naingia kidogo upande wa afya maana kuna mambo hapa yasipite hivihivi.

La kwanza huyo mtoto wa jirani aliyechubuliwa. Jino likigusa ngozi mpaka ikachubuka, kidonda kinaoshwa kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, alafu mtoto apelekwe hospitali waamue wao kuhusu sindano, hata kama mbwa ana chanjo na hata kama ni mkwaruzo tu. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu hakuna dawa. Mbwa mwenyewe mnamwangalia siku 10, akibaki mzima ni salama. Kadi yake ya chanjo ilikuja nae kutoka Arusha? Kama haipo mfanye kama hajachanjwa, muone afisa mifugo wa kata.

La pili na hili ndo limenifanya niandike. Huku kwetu mbwa akiwa na kupe au ukurutu watu wanamchoma sindano ya ivermectin ileile ya ng'ombe, wanakadiria kwa macho. Kwa mbwa wa jamii ya collie hiyo ni hatari. Kuna jeni inaitwa MDR1, mbwa aliyeirithi ikiwa na hitilafu ile dawa inavuka mpaka kwenye ubongo, anaanza kuyumba, mate yanamtoka, mboni zinatanuka, anatetemeka, wengine wanazimia wanakufa. Kwa collie wale wa manyoya marefu karibu 70 katika kila 100 wanayo, Border Collie ni wachache, chini ya 5 katika 100, Jamani Shepadi wapo pia (ndugu yangu wa Kiloleni sikia hilo). Chini ya 5 ni wachache lakini huwezi kumjua kwa kumtazama, kwahiyo mtu yeyote akija na sindano muulize jina la dawa kwanza. Dawa za kupe za mbwa zipo, za kupaka na za kuogesha, tumia hizo na ufuate kipimo.

La tatu joto. Hii Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza Tabora inaunguza, na Border Collie hajui kusema nimechoka, atakimbia mpaka aanguke. Mazoezi yawe saa kumi na mbili asubuhi au jioni jua likishapoa. Maji yawepo muda wote. Na msimnyoe manyoya mkidhani mnamsaidia, yale yanamkinga na jua pia.

MamaJojo_Ipuli

Asanteni sana. Kadi ipo, kachanjwa, ila hiyo ya mtoto kwenda hospitali hatukufanya, tulimwosha tu, naenda kwa jirani leo hii. Mzee wa Igombe nimekuelewa ila hiyo kazi ya kumpa ni ipi na mimi muda nautoa wapi, natoka saa moja asubuhi narudi saa kumi, mume wangu anarudi usiku, nyumbani anabaki bibi na dada wa kazi ambaye nae anamwogopa. Kiwanja chetu ni cha kawaida tu sio shamba.

Abuu_Ujiji

Salaam dada. Mimi niko Kigoma, Ujiji, niongezee hilo la jirani kwasababu naona umelitaja na limepitwa.

Usidhani jirani yako anamchukia mbwa wako. Kwenye dini mbwa wa kuchungia mifugo, wa kuwindia na wa kulinda shamba ameruhusiwa, hilo lipo kwenye hadithi na kila aliyesoma anajua. Kinachomsumbua ni mate. Kwa madhehebu yetu ya Shafii mate ya mbwa yakigusa nguo au chombo ni kuosha mara saba na mojawapo kwa udongo, sasa fikiria mtoto yuko njiani anaenda madrasa na kanzu nyeupe, mbwa wako amemlamba mguu na kumpiga pua kwenye nguo, mtoto anarudi nyumbani mama yake aanze hiyo kazi upya. Ikitokea mara moja ni bahati mbaya, ikiwa kila siku inakuwa dharau hata kama hukukusudia.

Nenda wewe na mume wako, msimtume mtoto. Mwambieni kuhusu hospitali na nauli mtoe nyie. Muulizeni watoto wanatoka saa ngapi kwenda madrasa na wanarudi saa ngapi, muda huo Tomi awe ndani ya banda au kwenye kamba, na lile komeo la geti dogo mtie kufuli. Mimi jirani yangu ana mbwa wawili na tunakula nae Idi, tulikaa tukaongea tu mwanzoni basi.

Mfugaji_Igunga

Sikonge msimpeleke, mtampeleka akafe. Mbwa wetu wa huku wachungaji hatuwatumii kukusanya ng'ombe, wanaokusanya ni vijana kwa fimbo na mluzi, mbwa kazi yake fisi. Usiku akisikia kitu anabweka, mchana anatembea pembeni tu. Sasa mlete huyo wa kwenu aanze kuinama mbele ya ng'ombe mwenye ndama, atapigwa pembe siku ya kwanza. Mbuzi ndo kabisa, mbuzi wa huku hawajazoea kuzungukwa na mbwa, wakimwona anawanyemelea wanatawanyika pande zote, mwenye mbuzi nae hatauliza ni mbegu gani, anajua mbwa anakimbiza mbuzi wake na mbuzi mwenye mimba akikimbizwa anaharibu. Fimbo moja ya kichwa imeisha hiyo.

Alafu misitu ya kule ina mbung'o. Mbwa mgeni akiumwa nagana anakonda, homa, macho yanaingia ukungu wa bluu mpaka haoni. Wa kienyeji wenyewe wanakufa sembuse huyo.

MzeeWaIgombe

Mfugaji kamaliza habari ya Sikonge.

Mama Jojo kuhusu muda. Watu wengi wakipata mbwa huyu wanaambiwa mkimbize achoke, wanamkimbiza na baiskeli mpaka Kazima kila siku, matokeo yake baada ya miezi wana mbwa mwenye pumzi za mwanariadha na bado hatulii, kwa sababu kilichomchosha ni miguu, kichwa hakijaguswa. Huyu dakika kumi na tano za kufikiri zinamlaza kuliko saa nzima ya kurushiwa mpira. Mpira wenyewe ukizidi unampandisha wazimu, anakuwa mtu wa kudai mpira tu.

Marekani kulikuwa na Border Collie jike anaitwa Chaser, profesa mmoja mstaafu wa saikolojia, John Pilley, alimfundisha majina ya vitu zaidi ya 1,000, unamwambia lete kitu fulani anakwenda kukichagua kwenye rundo. Walichapisha mwaka 2011. Sikuambii Tomi afike huko, nakuambia tu kichwa ulichonacho hapo uani kina nafasi kiasi hicho na sasa hivi kimejaa watoto na kuku.

Kwahiyo hivi. Asubuhi kabla hujatoka usimpe chakula chote kwenye sahani. Zile dagaa kavu weka ndani ya chupa ya maji ya plastiki uliyoitoboa matundu, kifuniko toa, mtupie aisukume mpaka zitoke, nyingine zifiche kwenye majani, chini ya tofali, kwenye matairi. Dada wa kazi anaweza kufanya hilo bila hata kumgusa, na akishakuwa yeye ndo mwenye dagaa utaona woga unaisha pande zote mbili.

Jioni Jojo ndo awe mwalimu. Ana miaka mingapi? Kama ana nane tisa anaweza. Anaanza na ndala. Anasema ndala, Tomi akiigusa kwa pua anapata kipande. Siku akishaijua anaongeza kikombe cha plastiki, ananyanyua hiki anaweka hiki, anasema jina moja tu na sauti ileile, hapigi kelele. Mkiona ameanza kukosea mnarudi kwenye alichokuwa anakijua, mnamalizia hapo akiwa ameshinda. Na kombolela! Watoto wajifiche, mmoja amshike Tomi kwa kamba, alafu aambiwe tafuta. Hiyo ndo dawa ya ile tabia ya kona ya simtanki, maana bado anapata kuwakusanya watoto ila sasa kwa pua, kwa amri, mmoja mmoja, na akimkuta mtoto mtoto anakaa chini, hakuna visigino vinavyokimbia mbele ya macho yake.

Watoto wakitaka kukimbia ovyo, na lazima watakimbia ni watoto, Tomi anakuwa kwenye kamba au ndani na chupa yake. Usimwache arudie hata mara moja moja, kila akifanikiwa kuwafikisha kwenye simtanki amejilipa mshahara. Akiinama na kukodoa tu, kabla hajaondoka, mwite. Hapo anasikia. Akishachomoka umechelewa, ukipiga kelele anadhani na wewe unachunga nae.

Kuna kitu kimoja wachungaji wenyewe wanakifundisha mapema, neno la kumwambia kazi imekwisha. Wewe tumia basi. Mchezo ukiisha unasema basi, unakusanya vitu, unamwonyesha gunia lake, akilala anapata kipande kimoja cha mwisho alafu hakuna mtu wa kumwangalia tena. Mbwa huyu kupumzika anafundishwa, asipofundishwa hajui.

Mnyororo muda mfupi sio dhambi, nilikuwa nasema ule wa mchana kutwa. Mume wako akate waya avute kati ya miembe miwili, kamba iteleze humo, anakuwa na uhuru na kuku wanabaki salama. Na geti lizibwe kwa mabati chini, asiione bodaboda. Asichokiona hakimkeri.

Mtoto_wa_Kanyenye

Mzee umeshusha somo. Mama Jojo akizaa niwekee mmoja basi.

MamaJojo_Ipuli

Ni dume mdogo wangu, nimeandika juu kabisa 😅

Tumetoka kwa jirani. Mtoto kapelekwa hospitali, na mzee mwenyewe kasema madrasa ni saa nane mpaka saa kumi kwahiyo muda huo Tomi anabaki ndani na dada wa kazi kakubali ila kasema chupa atairusha kwa mbali. Abuu ubarikiwe. Mama mkwe nimemsomea yote kacheka ile ya Old Hemp, anasema kwahiyo na babu yao alikuwa anakodoa hivyohivyo, ila bado hataki amkaribie akiwa anakula.

Swali kwa daktari wa Nzega. Jirani wa upande wa pili ana mbuzi na wiki hii aliwachoma sindano ya minyoo, nimemuuliza jina la dawa kaniletea chupa ni hiyohiyo ivermectin. Tomi hajachomwa ila mbuzi wale wanapita nje ya geti na yeye mavi ya mbuzi anayala sana akipata nafasi. Hiyo ni shida au nina wasiwasi wa bure?

Mifugo_Nzega

Umeuliza vizuri. Ni shida. Dawa ile sehemu kubwa inatoka kwenye mavi, na mbwa mwenye ile hitilafu anaweza kudhurika kwa kuyala tu. Wiki hizi chache asitoke nje bila kamba, na hapo mbele ya geti pafagiliwe kabla hamjamtoa asubuhi. Ukimwona anayumba nyuma au anadondosha mate usisubiri kesho, mpeleke kwa daktari na umwambie moja kwa moja ni ivermectin ili asije akamwongezea.